Texas bila kodi, Iowa yenye kodi: bima ya nyumba na gari inakula kiasi gani?

"Yaya, huku Texas hakuna kodi." Ujumbe wa sauti wa namna hiyo huzunguka sana kwenye simu za watu wa Lubumbashi wenye ndugu Marekani. Aliyehamia Houston au Dallas anamvuta mwenzake aliyebaki Cedar Rapids, jimbo la Iowa, au Louisville, jimbo la Kentucky, na habari inafika mitaa yetu ya Katuba na Bel Air siku hiyohiyo. Miezi inapita, halafu inakuja sauti nyingine: bima ya nyumba imepanda, ya magari mawili imepanda, hela ya shule ya wadogo itachelewa kidogo.

Kazi yangu ni hesabu. Nashika vitabu vya kampuni ya usafirishaji hapa mjini, na jioni watu huniletea karatasi za watoto wao zilizopigwa picha ili niwasomee. Kwa hiyo naweka pande mbili hapa, kwa aliyeko kule anayetaka kuhama, kwa aliyebahatika na loto ya viza na bado hajachagua jimbo, na kwa mzazi wa hapa ambaye atasikia matokeo kwenye hela inayotumwa. Jozi yangu kuu ni Texas na Iowa. Florida na Kentucky zitaingia pale zinapofundisha kitu.

Kodi gani hasa haipo?

Hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya. Kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani iko kila mahali, Texas ikiwemo. Makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (matibabu ya wazee), asilimia 7.65 ya mshahara, nayo yako kila mahali. Kinachokosekana Texas ni kodi ya jimbo kwenye mshahara. Majimbo ya namna hiyo ni tisa: Texas, Florida, Tennessee, Nevada, Washington, Wyoming, South Dakota, Alaska na New Hampshire. Texas wameifunga kabisa: mwaka 2019 wapiga kura walikubali katiba ya jimbo ikataze kodi hiyo.

Basi swali la kwanza ni: huko unakotoka, kodi hiyo inakukata kiasi gani? Watu hulikimbia swali hili, nami nadhani ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

Chukua mume na mke wenye watoto watatu, pamoja wanapata dola 60,000 kwa mwaka, wako Iowa. Tangu 2025 Iowa inatoza asilimia 3.8 tu, kiwango kimoja kwa wote. Tena haitozi 60,000 zote. Inaanzia kwenye hesabu ya serikali kuu, ambayo kwa mwaka 2025 huwaondolea wanandoa dola 31,500 za kwanza. Zinabaki 28,500, na kodi yake ni dola 1,083. Toa nafuu ndogo anayopewa kila mtu wa familia, toa pia ile nafuu ya wafanyakazi wenye kipato kidogo (Iowa huongeza asilimia 15 juu ya inayotolewa na serikali kuu), na kodi inashuka chini ya dola 1,000. Familia hiyohiyo ikiwa na dola 40,000, Iowa inaweza kuwarudishia hela badala ya kuwatoza. Texas haiwezi kukurudishia kodi ambayo haikukutoza.

Sasa hesabu ya kuvuka: dola 1,000 kwa mwaka ni kama dola 80 kwa mwezi. Familia hii ikifika Texas, bima ya nyumba na ya magari kwa pamoja zikiwazidi kwa dola 80 kwa mwezi kuliko walizolipa Iowa, faida yote ya kutokuwa na kodi imekwisha. Dola 80 ni kidogo sana kwenye bima. Paa kuukuu peke yake linaweza kuzimaliza.

Mtu wa Louisville ana hesabu tofauti kabisa. Kentucky mwaka 2025 ilitoza asilimia 4, na punguzo lake la mwanzo ni dogo, dola elfu tatu na kidogo kwa mtu. Juu yake mji wa Louisville unakata asilimia 2.2 ya mshahara kwa mkazi wake. Kwa 60,000 zilezile, jimbo na mji vinakaribia dola 3,500 kwa mwaka, karibu dola 290 kwa mwezi. Huyo ana nafasi ya kupumua kabla bima haijamfikia, ingawa kiwango cha Kentucky kimeshuka hadi asilimia 3.5 kuanzia 2026 na nafasi hiyo inapungua. Ndugu wawili, kipato kimoja, wanaelekea mji uleule wa Texas: mmoja anapata, mwingine anapoteza, kwa sababu ya walikotoka.

| | Texas | Florida | Iowa | Kentucky |
|---|---|---|---|---|
| Kodi ya jimbo kwenye mshahara, 2025 | hakuna | hakuna | 3.8% | 4%, na miji mingine huongeza yake |
| Kodi ya manunuzi | 6.25%, miji hufika 8.25% | 6%, kaunti nyingi huongeza | 6%, kwingi 7% | 6% bila nyongeza |
| Kodi ya nyumba (anayolipa mwenye nyumba kwa serikali, si pango) | nzito | ya kati | inaelekea kuwa nzito | nyepesi |
| Kinachotisha kampuni za bima | mvua ya mawe, vimbunga vya pwani, tornado | vimbunga vya baharini na mafuriko | mvua ya mawe, upepo mkali | tornado, mito kufurika |
| Medicaid (matibabu yanayolipwa na serikali) kwa watu wazima wa kipato kidogo | haikupanuliwa | haikupanuliwa | ilipanuliwa | ilipanuliwa |

Mstari wa mwisho nimeuweka makusudi. Mtu akikuambia jimbo fulani lina kodi ndogo, muulize pia mtu mzima mwenye mshahara mdogo anatibiwa kwa hela ya nani.

Nyumba

Sisi watu wa hapa tunaanza na kasoro moja. Mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, alipewa nyumba ya kambi, hospitali, shule na posho ya unga. Hakuna aliyemwuliza habari ya bima ya nyumba. Kizazi kilichofuata kilinunua parsele na kujenga matofali kwa matofali, kwa hela taslimu. Benki haikuingia, kwa hiyo hakuna aliyelazimisha bima. Kwa wengi wetu asiransi ni karatasi ya gari inayoonyeshwa kwa polisi wa barabarani pamoja na vinyeti, stika ya kodi ya gari. Kijana anabeba mawazo hayo hadi Marekani, ananunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30, anaambiwa malipo ya kila mwezi hayatabadilika, na anafurahi.

Yanabadilika. Kisichobadilika ni sehemu ya mkopo na riba. Kodi ya nyumba na bima hukusanywa na benki kila mwezi pamoja na deni, kwenye mfuko wa pembeni, halafu benki inalipa kwa niaba yako. Bima ikipanda, benki inakuandikia barua: mfuko umepungua, kuanzia mwezi ujao unalipa zaidi, pamoja na pengo la mwaka uliopita. Barua hizo ndizo ninazoletewa mara nyingi kusoma. Mzazi anadhani mtoto ametapeliwa. Hajatapeliwa, ila hakuelezwa. Na ukiacha bima ikatike kwa kukosa hela, benki inanunua nyingine kwa jina lako, ya bei kubwa, inayolinda zaidi deni lake kuliko vitu vyako.

Kwa nini bima ya nyumba imepanda namna hii? Sababu si moja. Gharama za mbao, paa na mafundi zilipanda baada ya 2020. Kampuni za bima nazo hununua bima yao kwa makampuni makubwa ya dunia, na hao waliongeza bei. Halafu kuna hali ya hewa. Florida ilipigwa na kimbunga Ian Septemba 2022, kisha Helene na Milton mwaka 2024. Kampuni kadhaa za Florida zilifilisika, na watu wengi wakakimbilia Citizens, shirika la bima lililoanzishwa na jimbo lenyewe mwaka 2002 kwa ajili ya wanaokataliwa kwingine. Texas ilipata kimbunga Harvey mwaka 2017, baridi kali iliyopasua mabomba Februari 2021, na kimbunga Beryl kilichopita juu ya Houston Julai 2024. Lakini mbali na pwani, kule Dallas na Fort Worth, kinachoumiza zaidi ni mvua ya mawe. Mvua ya dakika chache inaharibu mapaa ya mtaa mzima.

Na Iowa? Watu hudhani katikati ya nchi ni salama. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali ulipita Cedar Rapids, mji wenye Wakongo wengi, ukang'oa miti na mapaa karibu kila mtaa. Bima imepanda huko pia. Sitaki kumdanganya mtu kwamba akibaki Iowa barua ya benki haitamfikia. Ninachosema ni kwamba Texas na Florida ni miongoni mwa majimbo yenye bima ghali zaidi ya nyumba, na anayehamia huko kwa ajili ya kodi lazima aweke hilo kwenye mizani.

Kuna vitu vitatu ambavyo bei iliyoandikwa kwenye karatasi haivisemi vizuri.

Cha kwanza ni sehemu unayojilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata dola. Kwa moto au wizi inaweza kuwa dola 1,000 au 2,500. Kwa upepo na mvua ya mawe Texas mara nyingi ni asilimia ya thamani ya nyumba iliyowekewa bima. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,000 kutoka mfukoni mwako. Florida kwa kimbunga wanakuwekea kuchagua asilimia 2, 5 au 10. Ajenti akikuonyesha bei nzuri ya ghafla, tazama kwanza asilimia hiyo. Bei ikiwa ndogo, mzigo umehamishwa, haujaondoka.

Cha pili ni mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi maji yanayoingia kutoka nje. Lazima ununue nyingine, na wengi huinunua kwenye mpango wa serikali kuu ulioanza 1968, ambao hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani. Kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo huwezi kuinunua kimbunga kikiwa tayari kwenye taarifa ya habari. Wakati wa Harvey, nyumba nyingi zilizojaa maji Houston hazikuwa nayo.

Cha tatu ni paa. Uliza lina miaka mingapi, na uliza kama bima italipa paa jipya au thamani ya paa lilivyochakaa. Tofauti ya majibu hayo inaweza kuwa maelfu ya dola.

Kodi ya nyumba yenyewe nitaipita haraka, ila mtego mmoja wa Texas siwezi kuuacha. Nyumba mpya kabisa, zile za vitongoji vya Houston ambazo watu wetu wanazipenda, mwaka wa kwanza mara nyingi hutozwa kodi ya kiwanja kitupu, kwa sababu Januari mosi nyumba ilikuwa haijasimama. Mwaka wa pili inakuja kodi ya nyumba nzima, na mfuko wa benki unapasuka. Vitongoji vingi pia vina kodi ya ziada ya kulipia mabomba ya maji na mifereji. Kwa upande wa neema, mwenye nyumba anayeishi humo anaondolewa dola 140,000 za thamani kwenye kodi ya shule, kiwango kilichopitishwa na wapiga kura Novemba 2025, lakini lazima ajaze fomu ofisi ya kaunti. Nafuu hiyo humfuata mwenye nyumba. Kwa hiyo risiti ya kodi ya yule anayekuuzia si kipimo chako, na Florida hali ni hiyohiyo.

Magari

Kati ya Machi 2023 na Machi 2024, takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha bima ya magari imepanda kwa zaidi ya asilimia 20 nchi nzima. Kamera na vifaa vya kuhisi vilivyojaa kwenye bampa na kioo cha mbele vimefanya kugongana kidogo kuwe kazi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo usilaumu Texas peke yake.

Kila jimbo lina kima cha chini. Texas inadai uwe na bima ya kumlipa uliyemuumiza hadi dola 30,000 kwa mtu mmoja, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Iowa ni 20,000, 40,000 na 15,000. Florida na Kentucky ziko kwenye utaratibu ambapo bima yako mwenyewe hulipa matibabu yako kwanza, hadi dola 10,000, bila kujali nani amekosa. Lakini ukichukua gari kwa mkopo, kima cha chini hakikusaidii. Aliyekukopesha anadai bima kamili, inayolipa na gari lenyewe.

Familia zetu hupigwa zaidi mahali pawili. Mgeni hana historia: miaka 15 ya kuendesha barabara ya Likasi na Kasumbalesa bila ajali mara nyingi haihesabiwi, leseni ya Kongo wanaiona kama haipo, na alama ya mikopo, ambayo kampuni za bima hutazama katika majimbo yote manne niliyotaja, bado ni ndogo. Huyo analipa bei ya kijana hata kama ana ndevu nyeupe. Halafu watoto. Kijana wa miaka 16 akipata leseni lazima aandikwe kwenye bima ya nyumbani, na ada inaruka. Nyumba yenye vijana watatu waliofuatana, kama nyumba zetu nyingi, inaruka mara tatu.

Hapa naweka maoni yangu wazi: familia yenye vijana wawili au watatu wanaokaribia usukani isihamie mji mkubwa wa Texas kwa sababu ya kodi. Houston bila gari ni kujifunga ndani, na bima hutazama mtaa unakolala gari. Cedar Rapids nayo inahitaji gari, lakini safari ni fupi na gari moja linaweza kugawanwa.

Kodi inauliza umepata nini

Hapo ndipo kwangu mizani inapolalia. Kodi ya mshahara inakuuliza umepata nini mwaka huu. Ukifutwa kazi kiwandani, ukiugua, mke akijifungua na kukaa nyumbani, kodi inashuka nawe. Bima na kodi ya nyumba hazikuulizi kipato. Zinauliza una nini na unakaa wapi, na barua ya benki inakuja hata mwezi ambao hakuna mshahara. Familia inayoishi kwa saa za ziada, ambazo bosi anaweza kuzikata wiki yoyote, imehamisha gharama yake kutoka inayoinama kwenda isiyoinama.

Kwa hiyo nani aende? Dereva wa lori kubwa anayevuka majimbo, anapata 120,000 au zaidi, huyo namwambia aende. Sheria ya serikali kuu inataka mshahara wake utozwe kodi na jimbo anakoishi tu, si majimbo anayopita, kwa hiyo akiishi Texas hakuna jimbo linalomkata. Akiwa Iowa na mke asiyefanya kazi, angelipa kama dola 3,300, yaani 270 kwa mwezi, na bima lazima ijitahidi sana kuzifikia. Wauguzi wawili waliooana, vivyo hivyo. Anayepanga nyumba pia ana nafuu: kodi na bima za mwenye nyumba humfikia kupitia pango, lakini zimekwishahesabiwa humo, na anaweza kuondoka mkataba ukiisha. Bima ya vitu vyake ndani ni dola chache kwa mwezi. Kama ningekuwa na mdogo wangu anayeng'ang'ania Dallas, ningemwambia apange mwaka mzima kwanza, aone barua za majirani.

Anayepata 60,000, ana watoto, ameshanunua nyumba Iowa kwa riba ndogo ya 2020 au 2021, abaki. Akiuza anapoteza riba ile, na hakuna kodi ya Iowa inayolingana na hasara hiyo. Aliyeko Louisville mwenye kipato hichohicho apige hesabu bila kusikiliza mtu, maana kwake kweli inaweza kwenda upande wowote. Florida simshauri mtu mwenye nyumba ya mkopo na akiba ndogo, hata kidogo.

Wazazi huniuliza pia kuhusu ile kodi mpya ya kutuma hela. Ni asilimia 1, imeanza 2026, na inawagusa wanaotuma kwa hela taslimu mkononi. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kadi haimgusi, na ni ileile Texas na Iowa. Haibadilishi chochote kwenye uamuzi huu.

Kabla ya kusaini chochote, kijana aombe bei za bima kwa anwani kamili ya nyumba anayoitaka, si kwa mji. Nyumba mbili za barabara moja zinaweza kutofautiana kwa sababu moja iko kwenye bonde la mafuriko. Aombe kampuni tatu, zote kwa asilimia ileile ya kujilipia, la sivyo analinganisha vitu visivyolingana. Aandike majina ya vijana wote wenye leseni. Ajumlishe bima zote na kodi ya nyumba ya mwaka wa pili, si wa kwanza, agawe kwa 12, kisha aweke karibu yake ile kodi ya jimbo aliyokatwa mwaka jana, ambayo iko chini kwenye W-2, karatasi ya mshahara wa mwaka, kisanduku cha 17. Picha ya karatasi hizo mbili ndiyo ninayotaka kutumiwa. Ujumbe wa sauti wa shemeji aliyeko Houston sihitaji.